Pembe za Kilwa Kisiwani

Barabara ya kusini kutoka Dar es Salaam inavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, inapita Somanga, kisha inafika Nangurukuru. Hapo njia zinaachana: anayekwenda Lindi na Mtwara ananyoosha, anayekwenda Kilwa Masoko anakata kushoto kuelekea baharini. Ukishuka Masoko umefika ukingoni mwa bara. Mbele yako kuna mlango wa bahari wenye upana wa kilomita mbili hivi, na ng'ambo yake, juu ya mstari wa kijani wa mikoko, zinaonekana kuta za ngome iitwayo Gereza. Hapo ndipo Kilwa Kisiwani, mji ulioshika biashara ya dhahabu ya Sofala, mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona duniani. Tangu 1981 magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Wengi huja hapa kwa ajili ya historia, na historia ipo tele. Mimi nilikuja kwa ajili ya pembe. Nimewaona wanafunzi wengi wakiiogopa jiometri, na naamini najua chanzo cha hofu hiyo. Pembetatu ABC imechorwa katikati ya ukurasa mweupe, haina mwenyewe wala kazi. Mstatili PQRS uko chini yake, nao hakuna aliyeuomba. Mwanafunzi anakariri kwamba pembe hizi jumla yake ni nyuzi 180 na zile ni nyuzi 360, anafanya mtihani, anasahau. Kilwa Kisiwani hakuna umbo lisilo na mwenyewe. Kila pembe iliwekwa na mtu aliyekuwa na shida ya kutatua, na ukiizunguka ile shida utaielewa pembe.

Tanga

Boti za mashine zipo gatini, na zinavuka upesi. Ushauri wangu ni uchague mashua ya tanga, kwa sababu somo la kwanza linaanzia humo.

Tazama baharia anavyolipandisha. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, inainuka ikiwa imelala kwa hanamu juu ya mlingoti. Ncha yake ya chini inafungwa karibu na omo, ncha ya juu inaelekea mawinguni nyuma ya mlingoti, na pembe ya tatu, ile ya nyuma, inashikwa kwa kamba ya demani iliyo mkononi mwa baharia. Pembe tatu, pande tatu. Akivuta demani tanga linakaza, akilegeza linamwaga upepo.

Lishushe tanga hilo, ulitandaze mchangani, upime pembe zake tatu. Jumla itakuwa nyuzi 180. Chukua tanga dogo la ngalawa, au la jahazi kubwa, jibu halibadiliki. Kama huna tanga, kata pembetatu yoyote ya karatasi, chana pembe zake tatu, kisha zipange ncha zote zikutane mahali pamoja. Kingo za nje zitalala kwenye mstari mmoja ulionyooka, na pembe ya mstari ulionyooka ni nyuzi 180. Anayetaka kujua sababu, na si kuona tu, achore mstari unaopita kwenye ncha ya juu ya pembetatu ukiwa sambamba na kitako. Pembe mbili za chini zitajirudia huko juu, moja kila upande wa ile pembe ya tatu, na zote tatu zitajaza mstari huo bila kubakiza nafasi.

Upepo nao una jiometri yake. Kisiwa kiko kusini ya Masoko, kwa hiyo msimu wa kusi upepo unakuja usoni. Hakuna tanga linaloweza kuisukuma mashua moja kwa moja dhidi ya upepo. Nahodha anapiga bisha: anakwenda upande mmoja, anageuza, anakwenda upande wa pili, mpaka anafika. Tuseme kila mkondo anaoufuata unafanya pembe ya nyuzi 60 na ule mstari ulionyooka kutoka gati hadi gati, na tuseme anageuza mara moja tu njiani. Mikondo yake miwili pamoja na mstari ulionyooka imefanya pembetatu. Pembe mbili ni nyuzi 60 kila moja, hivyo ya tatu nayo ni nyuzi 60, na pembetatu yenye pembe zote sawa ina pande zote sawa. Kilomita mbili za mstari zimekuwa kilomita nne za kusafiri. Akigeuza mara tano badala ya mara moja, pembetatu zitakuwa ndogo na nyingi, lakini jumla itabaki kilomita nne. Katika pembetatu yoyote pande mbili zikijumlishwa huzidi upande wa tatu. Sheria hiyo, ambayo darasani huandikwa kwa mstari mmoja na kupitwa, baharini inalipiwa kwa muda na kwa jasho.

Minara miwili

Mashua inashushia abiria chini ya Gereza. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505 walipouteka mji, wakaondoka 1512. Jengo unaloliona leo ni la enzi za Waomani, kiasi cha mwaka 1800. Bahari imekula sehemu yake, lakini umbo bado linasomeka: kuta nne, na minara kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa hanamu.

Kwa nini pembe mbili hizo, na si nyingine? Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta watoto watatu waliporudi kutoka shule.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Niliwauliza: mmepewa minara miwili tu ya kulinda nyumba ya kuta nne, mtaiweka wapi? Mvulana akajibu bila kusita kwamba yote miwili itakaa upande wa baharini, maana adui anatoka baharini. Msichana aliyekuwa mkubwa wao akaokota kijiti, akachora pembenne mchangani, akaweka vijiwe viwili pale mwenzake aliposema. Kisha akaanza kupitisha kijiti. Mlinzi wa mnara wa kwanza anaona ukuta wa mbele na ukuta wa ubavuni. Mlinzi wa pili anaona ukuta uleule wa mbele, na ubavu wa pili. Kijiti kikafika nyuma ya nyumba, kikasimama.

"Hapa hakuna anayemwona," akasema. "Atapanda."

Akahamisha kijiwe kimoja hadi pembe ya nyuma, ng'ambo ya kile cha kwanza. Mnara huu ukaona kuta mbili, na ule ukaona kuta mbili nyingine. Kuta nne zote zikawa zimeonekana, wala hakuna ukuta ulioangaliwa mara mbili. Yule msichana alikuwa amegundua faida ya hanamu ya pembenne mwenyewe, kwa vijiwe viwili, chini ya jengo ambalo mafundi wake waliifanyia kazi hesabu hiyohiyo.

Kabla hawajaondoka nikawaonyesha jambo moja zaidi kwenye mchoro wake. Chora mstari kati ya vijiwe hivyo viwili, na pembenne inagawanyika kuwa pembetatu mbili. Kila pembetatu ina nyuzi 180. Kwa hiyo pembenne, iwe imenyooka au imepinda, ina nyuzi 360. Mtu akilijua hili la pembetatu mbili hahitaji kulikariri lile la 360.

Kamba ya fundi

Kisiwa hiki kina wenyewe. Nyuma ya magofu kuna kijiji, watu wanavua, wanalima na wanajenga. Siku niliyopita, fundi mmoja na msaidizi wake walikuwa wakipanga msingi wa nyumba. Vifaa vyao vilikuwa vigingi, uzi wa nailoni, futi ya kukunjua na kipande cha mkaa. Nilisimama nikatazama, kwa sababu kazi ya kuweka kona ya kwanza ya nyumba ni mojawapo ya kazi nzuri zaidi za hisabati zinazofanywa Afrika Mashariki kila siku.

Nyuzi mbili zilikutana kwenye kigingi cha kona. Fundi akapima sentimita 60 kwenye uzi wa kwanza, akaweka alama ya mkaa. Akapima sentimita 80 kwenye uzi wa pili, akaweka alama nyingine. Kisha akamwambia kijana anyooshe futi kutoka alama hadi alama.

"Ngapi?"

"Tisini na saba."

"Fungua kidogo."

Kijana akasogeza kigingi cha mbali nje kidogo, wakapima upya.

"Tisini na tisa na nusu."

"Fungua. Taratibu. Bado... Hapo."

"Mia."

"Funga."

Kona imekaa skwea. Sitini mara sitini ni 3,600. Themanini mara themanini ni 6,400. Jumla ni 10,000, ambayo ni mia mara mia. Hiyo ndiyo kanuni inayobeba jina la Pythagoras: katika pembetatu yenye pembe mraba, miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa inalingana na mraba wa upande mrefu, ule unaotazamana na pembe mraba. Namba 60, 80 na 100 ni 3, 4 na 5 zilizozidishwa kwa 20, na fundi anapendelea kubwa kwa sababu kosa la nusu sentimita kwenye pembetatu kubwa linaharibu pembe kidogo kuliko kwenye ndogo. Futi iliposoma 97, pembe ilikuwa kali, chini ya nyuzi 90, ndiyo maana aliagiza ifunguliwe. Ingesoma 103 ingekuwa pembe butu, na angesema "funga kidogo". Bila kipimapembe, kwa futi peke yake, yule mzee aliijua pembe na aliujua upande ilikokosea.

Vigingi vyote vinne vilipokaa, akafanya ukaguzi wa mwisho: akapima kutoka kona hadi kona, kwa hanamu, mara mbili. Vipimo viwili vikalingana, akaridhika. Hapa ndipo familia ya pembenne inapojieleza. Nyumba inaweza kuwa na pande zinazotazamana zilizo sawa kabisa, na bado ikawa imeinama; huo ni msambamba, na hanamu zake mbili hazilingani. Msambamba wenye hanamu sawa ni mstatili. Msambamba wenye pande zote nne sawa ni rombasi. Umbo lenye sifa hizo zote kwa pamoja, pande sawa na hanamu sawa, ni mraba. Pande mbili tu zikiwa sambamba na nyingine mbili zikiachana, hiyo ni trapeza, na chumba cha namna hiyo kitamsumbua seremala mpaka mwisho wa dari. Mwanafunzi aliyeona futi ikivutwa kwa hanamu hatachanganya tena msambamba na mstatili.

Kuna funzo lingine kwenye rundo la boriti lililokuwa kando ya msingi. Gonga misumari kwenye fito nne, ziwe fremu ya mstatili, kisha isukume kwa mkono: itainama iwe msambamba, ingawa hakuna ufito uliobadilika urefu. Ongeza ufito wa tano kwa hanamu na fremu inatulia. Pande tatu zikishajulikana urefu, pembetatu haina namna nyingine ya kukaa. Kwa sababu hiyo kenchi za paa hujengwa kwa pembetatu, kuanzia nyumba ya makuti mpaka ghala la bandarini.

Boriti zenyewe ndizo zilizoamua sura ya nyumba za kale za pwani. Kuta zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Dari bapa ilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haukuruhusu chumba kizidi upana wa mita mbili na nusu au tatu. Mwenye nyumba aliyetaka nafasi hakuweza kupanua chumba, aliweza kukirefusha tu. Tembea kwenye magofu ya nyumba za Kilwa na Songo Mnara uone: vyumba ni mistatili mirefu myembamba, kimoja nyuma ya kingine. Urefu ulitokana na mali ya mtu, upana ulitokana na mti.

Nguzo tisa, nguzo nne

Msikiti Mkuu uko mwendo mfupi kutoka Gereza. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Baadaye ulipanuliwa kusini kwa ukubwa unaoizidi mara kadhaa ile sehemu ya kwanza, ukaanguka, ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa kuba na matao yanayosimama mpaka leo.

Anza na ukumbi wa zamani. Paa lake lilibebwa na nguzo tisa, safu tatu za nguzo tatu. Sasa hesabu nafasi kati ya nguzo na kati ya nguzo na kuta: vinapatikana vyumba 16 vya paa, vinne kwa vinne. Kanuni yake ni rahisi, na inafaa kwa uzio ulio kati ya kuta mbili, kwa mistari ya mihogo na kwa vitobo vya mkanda: nguzo tatu zinagawanya ukuta kuwa nafasi nne. Wajenzi walivunja nafasi pana isiyofunikika kuwa nafasi 16 ambazo boriti zinaweza kuzifunika. Shida ya upana iliyowabana wenye nyumba, hapa ilitatuliwa kwa kurudia umbo dogo.

Lakini tatu ni namba witiri, na witiri ina matokeo yake. Safu tatu maana yake safu moja iko katikati kabisa, na katikati kabisa ndipo ilipo mihrabu. Anayesimama nyuma ya ukumbi na kuielekea mihrabu anakabiliwa na mstari wa nguzo. Tembea kidogo uende Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, uone jibu la kizazi kingine. Humo vyumba vya paa ni tisa, tatu kwa tatu, na nguzo ni nne. Safu mbili za nguzo zinaacha njia wazi katikati, na jicho linakwenda moja kwa moja hadi kwenye mihrabu. Kupunguza safu moja kumebadilisha hali nzima ya kusimama ndani ya nyumba ile. Sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha mtoto tofauti ya shufwa na witiri.

Mihrabu nayo ina pembe yake, na ya Kilwa ni ya pekee. Makka iko karibu longitudo ya nyuzi 39.8 mashariki. Kilwa iko karibu nyuzi 39.5. Maana yake miji hii miwili iko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na kibla ya Kilwa inatofautiana na kaskazini halisi kwa pungufu ya nyuzi moja. Anayeswali Kilwa anaielekea Makka na kaskazini kwa wakati mmoja. Katika miji mingi ya Kiislamu mjenzi alilazimika kutafuta kibla kwa hesabu ngumu ya nyota na jua, hapa ilitosha kuujua upande wa kaskazini.

Jua nalo lina siku zake. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Februari na tena katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linasimama wima juu ya kisiwa. Chomeka fimbo ardhini siku hizo, iwe wima sawasawa kwa timazi, na baada ya saa sita mchana, jua likifika juu kabisa, haitakuwa na kivuli. Miale ya jua na ardhi zimefanya pembe mraba. Siku nyingine zote kivuli kipo, na fimbo, kivuli na mwale vinafanya pembetatu mraba ambayo mwanafunzi anaweza kuipima kwa rula na kuitumia kukadiria urefu wa nguzo bila kuipanda.

Kutoka mraba kwenda duara

Simama chini ya kuba moja ya Msikiti Mkuu, utazame juu. Chini yako chumba ni mraba. Juu yako kuba ni duara. Vimekutanaje?

Chora mraba, kisha chora duara ndani yake linalogusa pande zote nne. Linagusa katikati ya kila upande tu, na kwenye pembe zinabaki nafasi nne tupu. Ukizijumlisha, nafasi hizo ni zaidi ya moja ya tano ya mraba wote. Ukiweka kuba hapo, sehemu zote hizo hazina kitu cha kuibeba. Jibu waliloligundua wajenzi wa nchi nyingi ni kuzikata pembe kwanza. Kata pembe nne za mraba na utapata umbo la pembe nane, ambalo liko katikati ya safari kutoka mraba kwenda duara. Umbo hilo lilipendwa sana Kilwa. Nguzo za sehemu iliyopanuliwa ya Msikiti Mkuu zina pembe nane. Juu ya kuba ya katikati ya Msikiti Mdogo inasimama nguzo yenye pembe nane. Pembe iliyokatwa inapunguza uzito, haimeguki kirahisi mtu akiigonga, na mwanga unaizunguka kwa hatua badala ya kukatika ghafla.

Kwa kamba na vigingi kazi hii inawezekana uwanjani mwa shule yoyote. Chora mraba wenye pande za mita 10. Pima hanamu yake: mita 14.14. Chukua kamba yenye nusu ya urefu huo, mita 7.07. Ifunge kwenye kigingi cha pembe moja, uizungushe, uweke alama inapogusa pande mbili zinazokutana kwenye kigingi hicho. Fanya hivyo kwenye pembe zote nne. Utapata alama nane, na ukiziunganisha utakuwa na umbo la pembe nane lililo sawa kila upande. Urefu wa kila upande ni mita 4.14, yaani hanamu ya mraba ukitoa upande mmoja wa mraba. Waache wanafunzi waligundue hili la mwisho wenyewe, watafurahi.

Husuni Kubwa

Kutoka mji wa kale njia inaelekea mashariki kwa miguu, mpaka juu ya jabali linaloitazama bahari. Hapo Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta, alijenga jumba la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Nyua zilifuatana, ngazi zilishuka kuelekea majini, vyumba vilipangwa kuzunguka nyua hizo kwa mistari iliyonyooka. Jirani yake Husuni Ndogo imebaki na ukuta mnene uliozunguka uwanja wa mstatili. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa katika miaka ya 1960, ndiye aliyeifichua sehemu kubwa ya tunayoyaona.

Katikati ya mistatili hiyo yote kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane.

Nililizunguka nikilitafutia sababu, kama nilivyofanya kwenye kila umbo la kisiwa hiki. Tanga lina pembe tatu kwa ajili ya upepo. Nyumba ni mstatili kwa ajili ya boriti. Minara imekaa kwa hanamu kwa ajili ya adui, na nguzo zimepangwa kwa safu kwa ajili ya paa. Bwawa halibebi kuba. Maji yanakaa vizuri katika shimo la mraba, na mraba ungekuwa rahisi zaidi kuujenga. Sababu ninayoiona ni moja: mafundi waliokwisha kuijua kazi ya kukata pembe waliifanya hapa kwa sababu ni nzuri, na mwenye jumba akaitaka kwa sababu hiyohiyo. Elimu iliyoanza kama dawa ya shida imekuwa furaha. Hii ndiyo sababu ya kumfundisha kila mtoto jiometri, hata yule ambaye hatajenga nyumba wala kupandisha tanga.

Na bwawa lenyewe ni swali zuri la daftari. Simama kwenye pembe moja, uvute mistari kwenda pembe nyingine zote ambazo hazigusani nayo. Umbo limegawanyika kuwa pembetatu sita. Sita mara 180 ni 1,080. Pembe nane zikiwa sawa, kila moja ni nyuzi 135, yaani pembe mraba moja na nusu. Pembetatu moja imetupa 180, mbili zimetupa 360 za pembenne, sita zimetupa 1,080 za bwawa la sultani. Anayeijua pembetatu anayajua maumbo yote yenye pande zilizonyooka, maana yote yanakatika kuwa pembetatu.

Ukienda

Kuanzia Juni hadi Oktoba kuna ukavu na njia za kisiwani zinapitika vizuri, na kusi inapoza joto. Kibali cha kuingia magofuni kinapatikana Kilwa Masoko, na mtembezaji wa kienyeji ni wa lazima kwa anayetaka kuelewa anachokiona. Songo Mnara inahitaji siku yake peke yake. Kuta zisipandwe: mwaka 2004 magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa ajili ya mmomonyoko na uchakavu, na kazi ya miaka mingi, wanakijiji wakiwa mstari wa mbele, ndiyo iliyoyatoa humo mwaka 2014.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wa hisabati, wa Lindi na Mtwara hasa, na wa Dar es Salaam pia, ambao basi la asubuhi linawafikisha Masoko mchana. Mkipanga safari ya darasa, msiiachie somo la historia peke yake. Chukueni kamba ya mita ishirini, vigingi vinane, futi, timazi na karatasi. Mpeni kila mwanafunzi umbo moja la kulitafuta, na swali moja la kulijibu mbele ya wenzake: nani alilihitaji, na lingekuwaje kama angechagua jingine? Majibu yapo pale pale, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na babu zetu waliyaacha wazi yasomwe.